Somo: Kumfuatilia babu aliyekuwa karani wa mawakili Uingereza, karne ya 19

Baba yake bibi yangu aliletwa Mombasa na kazi ya reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa 1896 na kufika ziwani 1901. Nyumbani tulijua jina lake, na kwamba kwao ni London, basi. Cheti chake cha kuzaliwa kilipofika mikononi mwangu, kwenye safu ya kazi ya baba niliona maneno mawili: "Solicitor's Clerk". Karani wa wakili.

Miaka miwili nilimtafuta karani huyo kwenye orodha za wanasheria, na hayumo. Wakili ndiye aliyeandikwa. Karani ndiye aliyeandika. Tangu nilipolielewa hilo nimekuwa nikimtafuta ndani ya karatasi za watu wengine, na huko ndiko alikokuwa muda wote. Somo hili linafuata njia hiyo.

Hatua ya 1: Vyeti

Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo kwa England na Wales ulianza tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili, GRO, iko mtandaoni. Ukijiandikisha, kutafuta ni bure, na kwa kila kizazi utaona jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwa kila kifo utaona umri wa marehemu. FreeBMD, tovuti nyingine ya faharasa hizo, nayo ni bure na nyepesi kutumia. Kwa vizazi na vifo vya karne ya 19 unaweza kuagiza nakala ya PDF, ambayo ni nafuu kuliko cheti cha karatasi na inatosha kabisa kwa kazi hii. Ndoa haziuzwi hivyo.

Mkiweza, changishaneni ndugu mwagize vyeti vya watoto wake wote. Kila mtoto anakuletea anwani ya nyumba na kazi ya baba kwa tarehe inayojulikana. Watoto sita wa karani wangu walinipa anwani tano.

Cheti cha ndoa kisome kwa tahadhari. Kazi ya baba ilitajwa na maharusi wenyewe, na kijana anayeoa familia ya juu kidogo aliweza kumpandisha baba yake kutoka karani kuwa "Solicitor" au "Gentleman". Kipimo kipo: mawakili wenye leseni waliorodheshwa kila mwaka katika Law List. Angalia miaka kadhaa mfululizo. Kama jina halionekani hata mara moja, yaelekea huyo alikuwa karani.

Hatua ya 2: Sensa

Sensa ilifanywa kila baada ya miaka 10, na kuanzia 1841 majina yapo. Ile ya 1841 ni ngumu: umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 34 huandikwa 30, na mahali pa kuzaliwa ni ndani au nje ya kaunti tu, au Scotland, Ireland au ng'ambo. Kuanzia 1851 unapata umri kamili, uhusiano na mkuu wa kaya, na parokia aliyozaliwa. Sensa ya 1881 inasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Anzia hapo, kisha rudi nyuma.

Hatua ya 3: Soma kazi yake neno kwa neno

Hapa tulieni, maana ndipo wengi wanapoteleza. Neno karani lilibeba watu waliokuwa mbali sana kimaisha.

"Articled Clerk" ni mwanagenzi. Kwa kawaida ni kijana ambaye mzazi wake amelipa fedha nyingi ili afundishwe kazi, na miaka yake mitano ikiisha anaweza kuwa wakili. "Managing Clerk" ni mtu mzima mwenye uzoefu, hana leseni, lakini ndiye anayeendesha mashauri ya ofisi siku hadi siku. "Writing Clerk", "Copying Clerk" na "Law Writer" ni wanakili. Hawa walikuwa wakinakili hati kwa mkono, na hati zilihesabiwa kwa folio, yaani fungu la maneno: maneno 72 katika mahakama za kawaida (common law) na hati za ardhi, maneno 90 katika Chancery, mahakama iliyoshughulikia mali za amana na mirathi. Fikiria mkono wa mtu anayelipwa kwa kuhesabiwa maneno, taa ikiwa mshumaa. Halafu yupo "Barrister's Clerk", aliyekaa kwenye vyumba vya mawakili wa mahakamani kule Temple, Lincoln's Inn au Gray's Inn, London, na kipato chake kilitegemea kesi anazopata bwana wake.

Tazama tarehe pia. Mpaka 1875 kulikuwa na "attorney" kwa mahakama za kawaida na "solicitor" kwa Chancery, ingawa wengi walikuwa vyote viwili. Mahakama zilipounganishwa mwezi Novemba 1875, jina la attorney likafutwa. Kwa hiyo babu aliyeandikwa "Attorney's Clerk" 1871 na "Solicitor's Clerk" 1881 huenda hakuhama hata kiti.

Hatua ya 4: Kama alikuwa mwanagenzi

Kuanzia 1749, kila mkataba wa uanagenzi wa sheria ulifuatwa na kiapo mahakamani ndani ya miezi mitatu. Viapo hivyo viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, London: mfululizo KB 105 hadi KB 107 kwa mahakama ya King's Bench, na CP 71 kwa Common Pleas. Kiapo kinataja kijana, wakili wake, tarehe ya mkataba, na mara nyingi baba, kwa sababu kijana alikuwa bado hajatimiza miaka 21. Kwa karatasi moja umepata kizazi kingine.

Usidhani kila mwanagenzi alifika mwisho. Benjamin Disraeli, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliandikishwa ofisi ya mawakili London mwaka 1821 na hakuwahi kuwa wakili.

Hatua ya 5: Mtafute kwenye madeni

Watu wengi wanairuka hatua hii kwa kuona haya. Mimi ndiyo iliyonipa babu yangu.

Kabla ya 1861, sheria ya kufilisika ilikuwa ya wafanyabiashara tu. Karani aliyezidiwa na madeni hakuwa mfanyabiashara. Yeye aliitwa mdaiwa asiyejiweza, aliweza kufungwa, na ili atoke alipeleka ombi kwenye mahakama maalumu ya wadaiwa iliyoanzishwa 1813. Ombi hilo lilitangazwa katika London Gazette, gazeti la serikali, ambalo leo linasomeka bure mtandaoni.

Sasa sikilizeni uzuri wake. Ili mtu yeyote anayemdai asikose kumtambua, tangazo lilitaja makazi yake yote ya nyuma, moja baada ya jingine, pamoja na kazi aliyofanya akiwa kila mahali. Alikuwa mtaa huu, kisha ule, kisha mji mwingine kabisa, kisha akarudi, na sasa yumo gereza fulani. Hakuna cheti wala sensa inayokupa hivyo. Tangazo la karani wangu, la 1858, lilinionyesha kwamba aliwahi kuishi Bristol, mji ambao hakuna aliyewahi kuutaja kwetu, na huko Bristol ndiko nilikopata ubatizo wa mtoto wake wa kwanza.

Tafuta kwa jina la ukoo pamoja na neno "clerk", na jaribu tahajia zote unazoweza kuzifikiria, kwa sababu kompyuta husoma vibaya maandishi ya zamani. Ukipata jina la gereza, daftari za magereza ya wadeni ya London ziko Kew katika mfululizo wa PRIS. Magereza ya Fleet na Marshalsea yalifungwa 1842, na kifungo cha deni kiliondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1869.

Mama yangu hakupenda niseme habari ya gereza. Tulikaa, nikamsomea tangazo lote, mtaa kwa mtaa. Mwishowe ndiye aliyeniambia niandike.

Hatua ya 6: Wosia na ushahidi wa mahakamani

Sheria ya wosia ya 1837 ilitaka mashahidi wawili. Mteja akija ofisini kutia sahihi, mashahidi walio karibu ni nani? Makarani. Ndiyo maana chini ya wosia za watu wasio na undugu naye utakuta jina la babu yako, likifuatwa na maneno kwamba ni karani wa wakili fulani. Ukishamjua mwajiri, omba kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti mafaili ya ofisi hiyo. Ofisi nyingi za mawakili ziliacha huko daftari za kila siku, nakala za barua na hesabu.

Makarani pia waliapa mahakamani kwamba waliwasilisha hati au wanautambua mwandiko wa mtu. Kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, za 1674 hadi 1913 zinasomeka bure mtandaoni, tafuta humo.

Wosia wake mwenyewe, kama aliacha, anza na kalenda ya mirathi ya taifa (National Probate Calendar), yaani orodha ya wosia zilizothibitishwa kuanzia Januari 1858. Kabla ya hapo mirathi ilikuwa chini ya mahakama za kanisa.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tanga:* Shikamoo mwalimu. Wangu kwenye sensa ya 1851 kaandikwa "Clerk" tu. Nitajuaje kama ni wa sheria?

Marahaba. Kwanza hakikisha si kasisi, kwa sababu makasisi wa Anglikana waliandikwa "Clerk in Holy Orders", na wakati mwingine wakafupisha. Kisha soma sensa ya kabla na ya baada, na vyeti vya watoto wa miaka ile. Karani wa benki, wa reli na wa sheria wote waliweza kuandikwa hivyo hivyo. Kuishi Holborn au kandokando ya Chancery Lane, mitaa ya mawakili London, ni dalili, lakini dalili tu.

*Kutoka Leicester:* Kaka, wa kwangu alikuwa karani mpaka miaka 38, halafu sensa inayofuata ni wakili kamili. Ni mtu yule yule kweli?

Inawezekana kabisa, dada, hasa kama ni baada ya 1860. Sheria ya mwaka huo ilimruhusu karani aliyetumikia ofisi za mawakili miaka 10 kwa uaminifu kuwa mwanagenzi kwa miaka mitatu badala ya mitano. Mlinganishe kwa mke, watoto na parokia ya kuzaliwa, kisha mtafute kwenye Law List mwaka alioanza kuonekana.

*Kutoka Dar es Salaam:* Kulikuwa na chama cha makarani hawa?

Kulikuwa na United Law Clerks' Society, tangu 1832, cha kusaidiana kwenye ugonjwa, uzee na msiba. Karani mdogo hakuwa na wa kumlipa akilala kitandani, kwa hiyo walichangiana. Magazeti ya wakati ule yaliripoti karamu zao za mwaka.

*Kutoka Mombasa:* Wetu alizaliwa Edinburgh. Hatua ni hizi hizi?

Hapana. Scotland ina usajili wake, ulioanza 1855, na mahakama zake. Huko neno "writer" lilimaanisha wakili, usije ukadhani babu yako alitunga vitabu.

*Kutoka Muscat:* Mimi nataka kitu kimoja tu, kuona mwandiko wake. Nimeagiza cheti cha ndoa, je, sahihi ile ni yake?

Si yake. Cheti cha GRO kimetoka kwenye nakala iliyopelekwa London, na aliyeandika ni mwingine. Nenda kwenye daftari la ndoa la kanisa lenyewe, ambako bwana harusi alitia sahihi kwa mkono wake. Daftari nyingi za London zimepigwa picha na ziko mtandaoni. Wosia vilevile: kwa zile za kabla ya 1858 zilizothibitishwa na mahakama ya kanisa ya Canterbury, mfululizo wa PROB 11 ni nakala za makarani wa mahakama, na wosia halisi wenye sahihi za mashahidi uko PROB 10. Na kama aliishi mpaka 1911, fomu ya sensa ya mwaka ule ilijazwa na mkuu wa kaya mwenyewe. Wangu aliijaza akiwa na miaka 80. Herufi zimesimama wima, nafasi kati ya maneno ni sawasawa mwanzo hadi mwisho, na kwenye safu ya kazi ameandika kwamba amestaafu.