Kabla hujaenda mbio za kayak huko nje: maneno kwa vijana wa Bukavu

Hapa Bukavu ukisema kuna mashindano ya dunia ya kayak, watu wanakujibu tu ah, sisi si ndo watu wa ziwa, tumekulia kwa piroge, hao watatushinda na nini? Mimi pia nilikuwa nasemaga hivyo. Kiisha siku moja tukapata K1 moja ya kuazima, kayak ya mbio ya mtu mmoja, tukaishusha majini upande wa Nguba, na kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa sambaza, mtu anayesimama wima kwa piroge usiku kwenye mawimbi bila kushika kitu, akakaa ndani. Hata hajapiga kasia la kwanza, tayari yuko kwa maji. Akapanda tena, akaanguka. Mara ya tatu wamama waliokuwa wanafua nguo pale waliacha kufua kabisa wakabaki kucheka. Huyo kijana alimaliza wiki mbili akijifunza kukaa tu, kukaa, si kukimbia.

Basi kitu cha kwanza ni hicho, usihesabu miaka yako ya piroge. K1 ya mashindano haizidi mita 5.20 kwa urefu, chini ni mviringo kama chupa, na upana wake ni wa makalio yako na kidogo tu. Na sheria ni kwamba ukipinduka katikati ya mbio ukashindwa kurudi ndani mwenyewe bila msaada, umetoka. Kwa hiyo jipe miezi, na uende alfajiri, kwa sababu Kivu yetu asubuhi inalala kama kioo, lakini upepo ukishaanza huko mchana huwezi jifunza kitu, utakunywa maji tu. Kuogelea hata siongelei, kama hujui kuogelea rudi kwanza ujifunze.

Pia amua mapema wewe ni wa kayak ao wa kanoe, si kitu kimoja. Kayak unakaa, kasia lina mabapa pande mbili, na kuna usukani unaoendesha na miguu. Kanoe unapiga goti moja, kasia ni la upande mmoja, usukani hakuna. Na dada zetu wasidanganywe eti kanoe ni ya wanaume, wanawake wameingia kwa kanoe ya Olimpiki tangu michezo ya Tokyo, na kule Paris 2024 mita 200 za wanawake Katie Vincent wa Canada alimpita Nevin Harrison wa Marekani kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hata kupepesa jicho ni kurefu kuliko hiyo.

Sasa korido, yaani njia za mbio. Kwa ziwa letu kila mtu anapita anapotaka, wimbi likikuja unageuka kidogo, hakuna anayekuuliza. Kule ni njia tisa zilizonyooka, kila moja mita 9 upana, maboya kila upande, na mbio ni mita 200, 500 ao 1000, na ukitoka kwa njia yako ukaenda kupanda wimbi la mwenzako kwa hizo mbio fupi wanakufuta. Sisi tulifanya hivi: tulichukua bidon za njano za mafuta, zile za lita 20, tukazifunga kwa kamba na mawe chini, karibu na kingo ambapo si kirefu, tukapima mita 500 na simu. Si nzuri kwa macho, na bidon mbili ziliibiwa wiki ya kwanza (mtu aliona ni bidon ya bure), lakini ndo pale vijana waligundua kwamba walikuwa wanaenda zigizaga miaka yote. Kule pia ncha ya kayak inashikwa na kifaa fulani kwa mstari wa kuanzia, kinashuka wakati wa ishara, kwa hiyo usitegemee kuanza ukiwa tayari unatembea kidogo kidogo. Na hawangoji mtu. Ukichelewa kufika kwa mstari mbio inaenda bila wewe.

Kayak yenyewe hutabeba toka Bukavu, timu ndogo zinakodi kule kule kwa watengenezaji, kina Nelo wa Ureno ao Plastex wa Poland, na hapo watakuuliza kilo zako juu kayak zina saizi kama viatu. Usiseme kilo za kukisia. Pia chukua futi ya fundi cherehani, pima toka kiti mpaka kwa ubao wa miguu pale unapokaa vizuri, andika, tia kwa pasipoti. Kasia ndo ubebe la kwako, lile linalotenguka vipande viwili, na angalia mabapa ya kayak ya siku hizi yamejikunja kama kijiko, la kushoto si la kulia.

Makaratasi ndo yanaua safari nyingi kuliko mawimbi. Kwanza huwezi jiandikisha mwenyewe, ni federasio ya nchi inayokuandikisha, basi anza kusumbua mapema. Pili majina. Sisi Wakongomani tuna jina, posnomu na prenomu, na wenzetu kule hawaelewi hiyo ya katikati. Kuna mwaka barua ya mwaliko ya kijana wetu ilitoka na majina mawili wakati pasipoti ina matatu, ofisi moja ikakataa faili, wiki tatu zikaisha kwa kurekebisha neno moja. Sasa tunawatumia picha ya pasipoti na tunawaambia kopi kama ilivyo, herufi kwa herufi.

Kama mashindano ni Ulaya, tuseme Poznań kule Poland, kwa ziwa la Malta ambako mbio za dunia zilipita 2010, utahitaji visa ya Schengen, na ombi linapokelewa toka miezi 6 mpaka siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo 15, faili ikichunguzwa zaidi jibu linaweza kufika siku 45. Pasipoti ibaki na miezi 3 baada ya kutoka kule, kurasa 2 tupu, bima ya afya ya euro 30,000. Mara ya kwanza lazima uende mwenyewe kutoa alama za vidole, na hazitolewi Bukavu, kwa hiyo tia hiyo safari kwa bajeti, usiikumbuke mwishoni. Karte ya njano ya chanjo usiisahau nyumbani. Na kama unapitia Kigali, vuka mpaka wa Ruzizi siku moja kabla, barabara ni masaa mengi na milima.

Dawa, hapa nisikilizeni. Kwa farmasi zetu mtu anauziwa dexa (deksametazoni) ya kunenepa ao ya mgongo kama peremende, hakuna ordonansi wala nini. Kidonge cha dexa, sawa na prednizoni, kinakatazwa wakati wa mashindano, na furosemidi ya kukojoza inakatazwa mwaka mzima. Wakikukuta nayo kwa mkojo, eti mama alinipa haitakusaidia, kilicho ndani ya mwili wako ni chako. Dawa za majani za soko pia, kama hujui kilichomo acha. Kama unaumwa kweli daktari aandike, na ruhusa iombwe kabla.

Masaa hayatakusumbua, Poland wakati wa joto saa ni ile ile ya Bukavu. Chakula utatafuta. Bebeni sambaza kavu kama mnataka, ila nyama na fromaji ya Masisi wanazitupa kwa uwanja wa ndege mbele ya macho yako, na inauma.

Na ukimaliza mbio usikimbilie kupiga picha. Wanaweza kukuita upime kayak, na ikikutwa chini ya kilo 12 matokeo yamefutwa, hata kama ulikuwa wa kwanza.