Namna ya Kukamilisha Hadithi za Kutisha Alizoziacha Marehemu

Kabla ya kuongeza hata sentensi moja, pata ruhusa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo muswada uliokutwa sandukuni huku kwetu Kilimanjaro, Kibosho au Marangu, si mali ya aliyeuona kwanza. Mwone msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, zungumza na familia, kisha muandikiane jina la nani litatangulia na mapato yatagawanywaje. Familia ikikataa, heshimu uamuzi wao.

Ukikabidhiwa madaftari, piga picha kila ukurasa kwa mpangilio ulivyokutwa, ikiwa ni pamoja na vikaratasi vilivyochomekwa katikati, halafu chapa kila neno bila kusahihisha chochote. Maneno aliyoyakata yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu yanaonyesha mambo aliyoyafikiria akayakataa, nawe huna haki ya kuyarudisha kwa kuwa tu yamekupendeza. Tenganisha pia hadithi iliyokatika katikati na dokezo la mstari mmoja. H. P. Lovecraft, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha aliyefariki mwaka 1937, aliacha vipande na madokezo ya namna hiyo, na mwandishi mwenzake, August Derleth, akayageuza kuwa hadithi nzima zilizobeba majina ya wote wawili. Riwaya mojawapo, iliyotoka mwaka 1945, ina maneno yapatayo 50,000, ilhali ya Lovecraft mwenyewe ni kama 1,200 tu. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo ni ya mwandishi wa pili, na msomaji anastahili kuambiwa hivyo.

Kazi ngumu kuliko zote ni kujua marehemu alikuwa akificha nini. Soma hadithi zake zilizokamilika huku ukiandika pembeni nani anasimulia, hofu inaingia ukurasa wa ngapi, na ni kitu gani hakionekani hadi mwisho. Tuseme ameacha hadithi ya mke aliyeolewa huko Old Moshi anayeteka maji mferejini giza likiingia, akasikia ufagio uani kwa mama mkwe aliyezikwa juma lililopita, na maandishi yakakoma anapoufikia mlango. Kufagia usiku ni mwiko ambao msomaji anaujua tangu utotoni, na hofu yote imekaa hapo. Ikiwa katika hadithi nyingine marehemu hakuwahi kumwonyesha mzimu, usiufungue mlango huo: asubuhi ua uwe umefagiwa, majani makavu ya migomba yamekusanywa pembeni kama mama mkwe alivyozoea, na wanawe wabishane ni nani aliyefagia. Ukileta mganga aeleze kisa na mkasa, umeiua hadithi. Derleth aliteleza hapo hapo, kwani ulimwengu wa Lovecraft usiomjali binadamu hata kidogo aliugeuza kuwa uwanja wa vita kati ya wema na uovu, na kitu chenye upande wake kinatisha kidogo kuliko kisichotujali kabisa.

Nenda ukapaone mahali penyewe. Huku kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, kwa hiyo machweo marefu ya riwaya za Ulaya hayana nafasi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Ukungu mzito wa masika uwe wa Machi hadi Mei, wala usiutupe Januari kwa sababu tukio linauhitaji.

Rasimu ikiwa tayari, msomee kwa sauti mtu aliyemfahamu marehemu vizuri, bila kumwambia umeanzia wapi, na umwombe akusimamishe anapohisi sauti imebadilika; sehemu hiyo iandike upya. Katika kitabu, weka alama mahali maneno ya marehemu yanapoishia, chapisha kipande cha asili nyuma kama kilivyokutwa, na madaftari yarudishe kwa familia.