Kripto kwa anayeanza: hiyo hela inakaa wapi?

Juzi nilipita kwa mama mdogo, ana genge pale soko la Majengo hapa Dodoma, hata chai sijamaliza akaniuliza "hivi mwanangu hiyo bitikoini wanayoongea vijana, hela yenyewe inakaa wapi?" Nikacheka kwanza, ila nilivyoanza kumjibu nikaona hilo ndo swali lenyewe, ukilipata hilo maneno mengine yote ya kripto, yaani hizi hela za kidijitali kama bitikoini, hayakusumbui. Ngoja niwaeleze kama nilivyomweleza yeye.

Tuanze na daftari. Mama mdogo yuko kwenye kikoba, tuseme katibu peke yake ndo anaandika, akifuta mstari mmoja usiku nani atajua? Sasa chukulia kila mwanachama ana daftari lake lenye mambo yaleyale na kila mkikutana mnalinganisha, katibu akichezea la kwake yale mengine yanamuumbua. Hiyo ndo blokicheni. Ni daftari la miamala, nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na kila ukurasa mpya, wenyewe wanaita bloku, umefungwa na ule wa nyuma yake, ukigusa wa zamani zote zilizofuata zinakataa. Kwa bitikoini ukurasa mpya unaingia kama kila dakika 10 hivi. Kwa hiyo hela haikai kwenye simu yako wala kwenye fleshi. Inakaa kwenye daftari, imeandikwa tu kwamba anwani fulani ina kiasi fulani, basi.

Anwani ni yale maherufi na manamba marefu, ichukulie kama namba ya simu unayompa mtu akutumie hela, kumpa mtu hakuna shida. Ufunguo wa siri ndo kama namba ya siri, ila tofauti yake ni kubwa sana: namba ya siri ya simu ukiisahau unapiga huduma kwa wateja, wanakuuliza maswali mawili matatu unabadilishiwa. Kwenye kripto hakuna huduma kwa wateja. Ukipoteza ufunguo koini zako zitabaki kwenye daftari zinaonekana na dunia nzima na hakuna wa kuzisogeza, hata wewe.

Halafu waleti, yaani app au kifaa cha kutumia kripto yako. Watu wanadhani waleti inabeba koini, hapana, inabeba funguo. Kuna jamaa mmoja kule Newport, Wales, diski ya kompyuta yake yenye ufunguo wa maelfu ya bitikoini ilitupwa jalalani mwaka 2013, kahangaika na halmashauri ya huko miaka na miaka aruhusiwe kufukua takataka, Januari 2025 mahakama ikamkatalia. Sasa angalia, koini zake hazipo jalalani! Zipo kwenye daftari kama siku ya kwanza, kilichopo jalalani ni ufunguo. Mama mdogo hapo ndo alielewa, akasema "kumbe ni ya kwake na sio ya kwake".

Ukifungua waleti mpya utapewa maneno 12, nyingine 24, ya kawaida tu ya Kiingereza. Hayo ndo ufunguo wako ulioandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuushika. Simu ikiibiwa unanunua nyingine, unaingiza maneno, kila kitu kinarudi. Ila mwingine akiyapata hahitaji simu yako wala kukuaga. Usiyapige picha, usijitumie WhatsApp, na yeyote anayekuuliza hayo maneno, hata ajiite mhudumu wa waleti yenyewe, huyo ni tapeli, hakuna mjadala. Kama mko kikundi kuna kitu wanaita maltisigi, ni lile sanduku la kikoba lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, mmoja peke yake hafungui.

Sasa eksichenji. Hapa ndo soko, unanunua na kuuza, na wengi huku wanatumia P2P, yaani unamlipa mtu kwa simu, yeye akithibitisha hela imeingia ndo eksichenji inakuachia koini alizoweka dhamana. Ukiwa muuzaji usiachie kwa kuona meseji, meseji feki ni nyingi, angalia salio mwenyewe. Na jua kwamba koini zilizo kwenye eksichenji funguo wanashika wao, wewe una ahadi tu. FTX ilikuwa kati ya eksichenji kubwa kabisa duniani, Novemba 2022 ikaanguka ndani ya siku chache na wateja wakabaki wanagonga mlango.

Koini na tokeni (sio ya LUKU jamani): koini ina daftari lake yenyewe, kama bitikoini, tokeni imepanga kwenye daftari la mwingine, kama vile tokeni nyingi zilivyopanga kwa Ethereum, daftari jingine kubwa. Stebokoini ni ile iliyofungwa na thamani ya kitu, mfano USDT inajitahidi kubaki dola moja. USDT iko kwenye madaftari tofauti tofauti, hiyo wanaita netiweki, kwa hiyo muulize anayepokea anatumia netiweki gani, ukikosea unaweza usiione tena. Gesi ni ada ya kutuma, na inalipwa kwa koini ya netiweki yenyewe, una USDT kwenye Ethereum lakini huna etha kidogo, ile koini ya Ethereum yenyewe, umekwama kama mtu mwenye gari bila mafuta.

Bei je? Bitikoini zote zitakazowahi kuwepo ni milioni 21, na wachimbaji, yaani wenye makompyuta ya kuthibitisha kurasa, wanalipwa koini mpya ambazo zinakatwa nusu kama kila miaka minne, Aprili 2024 ilishuka hadi 3.125 kwa bloku. Uchache huo haukuhakikishii bei. Muulize mkulima wa zabibu Hombolo, anavuna vizuri na bado bei anaikuta sokoni. Na sio lazima ununue nzima, moja inagawanyika satoshi milioni 100, ni kama mafuta ya kupima tu.

Kisheria, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba hela halali hapa ni shilingi, 2021 Rais Samia akaiambia ianze kujiandaa na mambo haya, na tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kodi ipo, ila hiyo haimaanishi kuna ofisi ya kukurudishia ulichopigwa.

Na kupigwa kwenyewe mara nyingi hata sio kripto. Dogo mmoja wa chuo namjua aliweka bumu lote kwenye app inayolipa "faida ya kila siku", akaleta na wenzake, wiki ya tatu app ikafungwa. Nikamuuliza anwani yako ni ipi, ufunguo unao? Hana. Alikuwa anaangalia namba kwenye skrini ya mtu.

Ukitaka kujaribu, weka waleti, andika maneno kwenye karatasi, mwambie mtu akutumie kidogo sana, ya soda, halafu fungua tovuti ya kusoma daftari uingize anwani yako uione imeandikwa. Mama mdogo nilimfanyia hivyo hivyo pale gengeni, akaiona, akafurahi, akachukua kalamu kuandika maneno yake 12 nyuma ya daftari la madeni, lile ambalo binti wa gengeni anashinda nalo siku nzima. Nikamwambia mama mdogo hapana, chana hiyo.