Umechaguliwa mwenyekiti na moyo unadunda?

Umepewa kuongoza kikundi cha wakulima wa zabibu, au vikoba vya mtaani, na sauti inakukauka kila ukisimama? Usisubiri woga uishe ndipo uanze. Huo huishia kazini. Azima utaratibu wa Bunge, si tunalo hapa hapa Dodoma! Mbunge hamjibu mwenzake moja kwa moja, hata akasirike vipi: hupitia kwa "Mheshimiwa Spika" kwanza. Weka sheria hiyo kwenye kikao chako. Anayetaka kusema anyooshe mkono, aseme "Mwenyekiti", ndipo aendelee. Maneno makali yanapoa njiani, na wewe kila ukitajwa unazidi kukizoea kiti. (Wale wazee wanaobishana kila kikao watagoma mwanzoni. Wavumilie tu.)

Sentensi ya kufungulia kikao ikariri nyumbani, kwa sauti, si kichwani.

Na ukibanwa na swali la hesabu usilolijua, usibabaike: "Hilo sina jibu lake leo. Nitakaa na mhazini, kikao kijacho nitalileta." Kisha ulilete kweli, liwe la kwanza kwenye ajenda, kabla hawajakukumbusha.