Namna ya Kuchagua Gari la 4x4 Lililotumika kwa Safari za Kila Siku nchini Uganda

Kabla ya kuuliza bei ya gari lolote, jiulize ni kipande gani cha barabara kati ya mlango wako na kazini kinachokutesa zaidi, na kinakutesa miezi mingapi kwa mwaka. Kwa wakazi wengi wa Kampala, Wakiso na Mukono, safari nzima ni lami isipokuwa kile kipande cha mwisho cha udongo mwekundu kinachopanda mlima kuelekea nyumbani, ambacho kiangazi hakina neno lakini katika mvua za Machi hadi Mei, na tena za Septemba hadi Novemba, hugeuka utelezi mtupu. Anayeishi Kisoro, Bundibugyo au juu ya Kapchorwa ana swali tofauti kabisa, kwa sababu kwake kipande hicho ndicho safari yenyewe. Kanuni ninayoipendekeza ni moja: chagua mfumo mwepesi kabisa wa 4x4, yaani wa kuvuta kwa magurudumu manne, utakaokupitisha mahali pako pabaya kuliko pote. Mfumo mzito utautumia siku chache, lakini utaulipia kila siku kwa mafuta, kwa matairi, na kwa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya ziada inayohitaji oili na matengenezo yake.

Inafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mashimo na matuta hayadai 4x4. Yanadai gari lenye tumbo lililoinuka, shokapu nzima na matairi yenye meno. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili ya mbele, likiwa limeinuka vya kutosha, hupita barabara nyingi za vijijini bila taabu. Kinachodai magurudumu manne ni mlima wenye matope, mchanga, na pale ambapo gurudumu moja linabaki hewani. Kama barabara yako haina hata kimoja kati ya hivyo, unaweza kuishia hapa na kununua gari la kawaida lililoinuka.

Kwa anayeendelea, mifumo inayopatikana sokoni kwetu ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ile ya magari kama Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Honda CR-V, ambayo kwa kawaida huvuta kwa mbele na kupeleka nguvu nyuma pale tu magurudumu ya mbele yanapoteleza. Ya pili huvuta kwa magurudumu yote wakati wote: Subaru Forester imo humu, na vilevile Land Cruiser Prado, ambayo zaidi ya hapo ina gia nzito (ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi) na uwezo wa kufunga difu ya katikati. Suzuki Escudo iliyotengenezwa kuanzia 2005, ambayo kwingine huitwa Grand Vitara, nayo ni ya kundi hili, na nyingi zina gia nzito ingawa umbo lake ni dogo. Aina ya tatu ni ile ambayo dereva mwenyewe huchagua kwa mkono au kwa swichi, 2H (magurudumu mawili), 4H (manne) au 4L (manne kwa gia nzito), kama ilivyo kwa Hilux nyingi, Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Suzuki Jimny. Hii ya tatu ni imara na rahisi kutengeneza, lakini haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiiweka 4H kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana kila unapokata kona, na mzigo wa ushindani huo utaangukia transfa (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) na ekseli. Katika safari ya kila siku, basi, gari la namna hii huenda kama gari la magurudumu mawili karibu wakati wote.

Kwa maoni yangu, mtu wa Entebbe au Gayaza mwenye kilomita moja ya matope anatoshwa na RAV4 au Forester. Escudo haithaminiwi inavyostahili katika soko letu, na kwa mtu wa Kabale au Mbale asiyebeba mizigo mizito ningeitaja kabla ya Prado. Prado na Pajero zinafaa kwa mwenye familia kubwa, au mwenye barabara mbaya kweli kweli, na awe na mfuko wa kuzilisha.

Sasa kuna mtego ambao umewanasa wengi: si kila gari lenye umbo la 4x4 ni 4x4. RAV4 na Harrier nyingi zilizotoka Japani huvuta kwa mbele peke yake, na muuzaji, kwa kutojua au kwa kujua, atakuapia vinginevyo. Fungua boneti usome kibati cha mtengenezaji. RAV4 ya lita 2.4 iliyoandikwa ACA31 huvuta kwa magurudumu manne, na ACA36 kwa mawili. Harrier ya ACU35 ni ya manne, na ACU30 ni ya mawili. Kisha hakikisha kwa macho: chungulia chini kwa nyuma, na kama huoni propela, yaani mhimili mrefu unaozunguka, inayotoka katikati ya gari hadi kwenye difu iliyopo kati ya magurudumu ya nyuma, mazungumzo ya 4x4 yamekwisha.

Kuhusu umri, sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na magari makuukuu yaliyo ndani ya kikomo hicho hutozwa pia kodi ya mazingira. Kwa sababu hiyo, unapozunguka kwenye mabondi (yadi za magari yaliyoagizwa) ya Kampala, uliza swali hili mapema: bei hii ni pamoja na ushuru, au ni ya gari tupu? Jibu linaweza kubadilisha hesabu yako yote. Kwa gari ambalo tayari lina namba za Uganda, usidanganywe na herufi za namba hizo, kwa kuwa zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa, wala si lilitengenezwa lini. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho na usome kitambulisho kilichoshonwa karibu na chini. Mara nyingi kina tarehe ya kutengenezwa, na tarehe hiyo haiwezi kuwa mbali na ya gari lenyewe isipokuwa mkanda umebadilishwa, jambo ambalo nalo ni habari.

Nenda kukagua asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, jua kuna kitu kimefichwa, kwa sababu injini iliyochoka hujitambulisha inapowashwa ikiwa baridi. Simama nyuma ya ekzosi wakati wa kuwasha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu ni maji ya radieta yanayoingia ndani ya injini. Prado na Hilux Surf za zamani zenye injini ya dizeli ya 1KZ zina sifa ya kupasuka silinda hedi zikipata joto kupita kiasi, kwa hiyo fungua radieta ingali baridi, injini iwashwe, na uangalie kama mapovu yanapanda mfululizo. Kwa injini ya 1KD iliyofuata, sikiliza nozeli (vinyunyizio vya mafuta): mlio mkali wa kugonga asubuhi ambao haupungui hata injini ikipata joto ni sababu tosha ya kuondoka. Forester zenye injini ya EJ hutumia mkanda wa taimingi, na muuzaji akikosa ushahidi kwamba umebadilishwa, uuhesabu kama gharama yako. Injini ya FB iliyoingia kwenye Forester mwaka 2010 ina cheni. X-Trail za kizazi cha pili nyingi zina giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), na ukihisi gari linasita au linatetemeka linapoondoka, achana nalo.

Kisha lala chini. Hili ndilo tendo linalowatofautisha wanunuzi, na ndilo wauzaji wasilolipenda. Beba kipande cha boksi la kulalia na tochi. Tumbo lililooshwa likang'aa huku milango ya ndani ina vumbi linaeleza kwamba mtu alitaka kufuta alama za oili. Shika propela kwa mikono miwili, uipandishe na kuizungusha. Mchezo mdogo sana unakubalika, lakini ikigonga, misalaba yake, yaani viungo vya ncha zake, imekwisha. Angalia raba zinazofunika jointi za magurudumu ya mbele: zikiwa zimepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu, mchanga umeshaingia. Mwombe fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu ya nyuma na achovye kidole. Oili nyeusi ni uchovu wa kawaida, lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana kwamba maji yaliingia, na gari lililoogelea mtoni huenda maji yake yamefika hata kwenye transfa. Mwisho, gongagonga chesisi kwa kipini cha bisibisi, hasa kwa gari lililotoka Uingereza au maeneo ya theluji ya Japani ambako chumvi humwagwa barabarani, kwa kuwa kutu ya ndani husikika kabla ya kuonekana.

Matairi yatazame kwa jicho la pekee. Mifumo inayovuta kwa magurudumu yote wakati wote huteseka pale matairi yanapotofautiana kwa ukubwa au kwa kulika, kwa sababu difu au klachi zake hulazimika kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Forester yenye matairi mapya mbele na vipara nyuma imekuwa ikijiumiza kimyakimya. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni hukuambia tairi lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Katika kuendesha, anza kwa uwanja ulio wazi: kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole pande zote mbili. Mlio wa tak-tak-tak unatoka kwenye jointi za CV, zile za magurudumu ya mbele. Kisha tafuta barabara ya udongo, usimame, uweke gia huru, na uingize 4L kama gari linayo. Taa ya dashibodi iwake na itulie. Ikibaki inapepesa, mfumo haujashika. Usikubali maneno ya kwamba "hiyo haitumiwi sana", kwani mfumo ulioganda kwa kutotumiwa ndio hasa unaotaka kuugundua kabla ya kulipa. Kampala haijakosa vilima, basi panda kimojawapo huku kiyoyozi kimewashwa na jicho likiwa kwenye kipimo cha joto. Kwenye lami, mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka ni beringi au difu.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zichukue kama madai tu. Pedali zilizolika hadi chuma na usukani uliong'aa haviendani na gari la kilomita 60,000. Kwa gari linalotoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada, ambako alama ya 4 au 4.5 huonyesha hali nzuri na herufi R huonyesha gari lililorekebishwa baada ya ajali. Madalali nao wana kauli yao ya kudumu kwamba gari lilikuwa la mzungu wa shirika. Huenda ni kweli, na huenda lilihudumiwa vizuri, lakini uliza pia kama shirika hilo lilikuwa likifanya kazi Karamoja, kwenye barabara ngumu za kaskazini-mashariki.

Kabla ya kufunga bei, pita kwenye maduka ya spea ya Kisekka au Ndeeba, Kampala, uulize bei ya shokapu nne, ya difu na ya giaboksi za gari hilohilo, maana spea za Toyota zimejaa kuliko za wengine na tofauti hiyo hubadilisha maana ya "bei nafuu". Dizeli ya lita 3.0 ina faida kwa safari ndefu na mizigo. Kwa foleni za Jinja Road petroli ya lita 2.0 inatosha, na haina nozeli za gharama za kuharibiwa na mafuta machafu.

Nyaraka zisikuchukulie siku nyingi lakini zisirukwe. Linganisha namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye kadi ya gari, fanya upekuzi rasmi wa usajili ili ujue kama gari limewekwa rehani kwa mkopo, na uangalie faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Lipa kupitia benki, muandikiane mkataba mbele ya wakili, na mhamishe umiliki mara moja. Desturi ya kuendesha miaka kwa mkataba tu, huku kadi ikibaki kwa jina la mmiliki wa zamani, humweka muuzaji na mnunuzi wote katika hatari.

Ukishalinunua, badilisha oili zote katika wiki ya kwanza, yaani ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya difu zote mbili. Na kama ni gari la kuchagua kwa mkono, liingize 4H angalau mara moja kwa mwezi, mita mia chache kwenye barabara ya udongo, ili oili izunguke na sili zisikauke.