Somo: Kutambua shambulio la kifafa kwa kompyuta kutoka kwenye EEG (rekodi ya umeme wa ubongo)

Mnahitaji Python, maktaba ya MNE (ya kuchambua EEG) na data ya CHB-MIT, iliyoko bure kwenye tovuti ya PhysioNet: EEG za watoto na vijana wenye kifafa waliorekodiwa Boston, sampuli 256 kwa sekunde.

Hatua ya 1. Kwa kuanzia, pakua chb01_03.edf (rekodi ya mgonjwa chb01) na faili la maelezo yake tu. Mkivuta zote bando litakata. Nendeni sekunde ya 2996. Shambulio linaanza hapo, linaisha 3036. Yatazameni mawimbi kwa macho kabla ya kuandika kodi yoyote.

Hatua ya 2. Chujeni, mbakize mawimbi ya 0.5 hadi 40 Hz (mizunguko kwa sekunde).

Hatua ya 3. Kateni vipande vya sekunde 4. Saa nzima inatoa vipande 900, na vyenye shambulio ni 10 tu. Maana yake programu inayojibu "hakuna kitu" mwanzo hadi mwisho inapata karibu asilimia 99! Mtu akijisifia usahihi, muulizeni amekamata mashambulio mangapi na kengele za uongo ni ngapi kwa saa.

Hatua ya 4. Kwa kila chaneli (mstari mmoja wa rekodi) pimeni nguvu ya delta, theta, alfa na beta, yaani mawimbi ya ubongo kuanzia ya polepole hadi ya haraka, kisha fundisheni modeli nyepesi.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Mkishaongeza wagonjwa wengine, gaweni data ya kufundishia na ya kupimia kwa mgonjwa, si kwa kipande. Vipande jirani hufanana, vikichanganywa modeli inakariri mtu badala ya kujifunza kifafa. Tena chb01 na chb21 ni msichana mmoja, aliyerekodiwa tena baada ya mwaka mmoja na nusu. Rekodi zake zote zikae upande mmoja.

MASWALI

Mwalimu, RAM yangu ni GB 4. Itaweza?
Itaweza, ukifungua faili moja moja.

Nikipata rekodi za hapa Kampala, nibadilishe nini?
Umeme wa Boston ni 60 Hz, wetu 50, kwa hiyo kelele yake iko kwingine. Kichujio cha hatua ya 2 kinakata zote mbili. Ukikipanua hadi 70, ongeza cha kukata 50.

Shikamoo mwalimu. Huku Kitgum watoto wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa mara nyingi hushikwa wakiona chakula. Itawatambua?
Marahaba. Usiitegemee. Misuli ya taya ikitafuna inachafua EEG vibaya, na modeli hii haijawahi kuona watoto hao. Rekodi na video pamoja, daktari aweke alama za mwanzo na mwisho, ndipo uifundishe upya.