Somo: Kupima kasi ya sauti kwa bomba la plastiki na ndoo ya maji

Vitabu vingi vinataja kasi ya sauti hewani kuwa mita 340 kwa sekunde, na wanafunzi huikariri hivyo hivyo. Mchana wa joto Dodoma jibu hilo si sahihi. Kasi hufuata joto la hewa: chukua 331, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya sentigredi. Chumba chenye nyuzi 28 kinakupa karibu mita 348 kwa sekunde. Asubuhi ya Julai, hewa ikiwa nyuzi 16, unapata karibu 341. Tofauti hiyo inapimika kwa vifaa vya bei ndogo, na hapa tunaeleza namna.

Vifaa

Bomba la plastiki la maji taka, inchi moja na nusu, urefu sm 35. Likate kwa msumeno wa chuma, usugue mdomo kwa msasa hadi uwe sawa. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya kina kisichopungua sm 30 (ya lita 10 ni fupi mno). Rula, raba bendi mbili, kipimajoto, na simu yenye programu ya kutoa toni. Chagua wimbi la saini (sine). Mawimbi ya aina nyingine yana toni za ziada zitakazokuchanganya.

Hatua

1. Jaza ndoo na uiache chumbani saa nzima. Maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye simtanki lililopigwa na jua yatapasha hewa ya ndani ya bomba, nawe utakuwa unapima joto usilolijua. Kisha andika joto la hewa.

2. Funga milango na madirisha. Upepo wa Dodoma ukigonga bati hutasikia kitu.

3. Weka toni ya masafa ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), sauti ya wastani. Shika spika ya simu sm 1 au 2 juu ya mdomo wa bomba, bila kuuziba.

4. Zamisha bomba karibu lote, kisha lipandishe polepole. Usiligandamize kwenye sakafu ya ndoo, maji lazima yaingie na kutoka kwa chini. Hewa iliyobaki ndani ikifika urefu wa karibu sm 7.5, bomba litavuma ghafla kama mtu aliyepuliza mdomo wa chupa. Huo ndio mvumo wa kwanza.

5. Pandisha na kushusha kidogo kidogo hadi uione sehemu yenye sauti kubwa kabisa. Sogeza raba bendi hadi usawa wa maji, toa bomba, pima kutoka mdomoni hadi kwenye raba. Rudia mara tano, uchukue wastani.

6. Endelea kupandisha hadi mvumo wa pili, karibu sm 24.9. Tumia raba ya pili.

7. Toa urefu wa kwanza kwenye wa pili: 24.9 − 7.5 = sm 17.4. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi, kwa hiyo wimbi zima ni sm 34.8, yaani mita 0.348. Zidisha kwa masafa: 0.348 × 1,000 = mita 348 kwa sekunde.

Hatua ya saba ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwanafunzi anajua kwamba mvumo wa kwanza ni robo ya wimbi, basi anazidisha 7.5 kwa 4 na kupata mita 300 kwa sekunde. Kipimo chake ni sahihi, ila hewa iliyo nje kidogo ya mdomo nayo hutetemeka, kana kwamba bomba lina urefu wa ziada. Ziada hiyo ni takriban 0.3 ya kipenyo cha ndani. Kwa kipenyo cha sm 4 ni sm 1.2. Na kweli, 7.5 + 1.2 = 8.7, robo kamili ya 34.8. Ukitoa mvumo mmoja kwa mwingine ziada inajifuta yenyewe, hata kama hukupima kipenyo.

Sasa rudia kwa hezi 800. Mvumo utakuja karibu sm 9.7 na 31.4, tofauti ni 21.7, wimbi ni sm 43.4, kasi ni mita 347. Masafa yamepungua, wimbi limerefuka, kasi imebaki palepale. Tunasisitiza jedwali lenye masafa mawili au zaidi kwa sababu hii: kasi ni ya hewa, masafa ni ya chanzo, na urefu wa wimbi hutokana na hayo mawili.

Maswali ya wanachama

Kutoka Kondoa: *Mwalimu, shikamoo. Nasikia sauti ikipanda na kushuka hata bomba likiwa limetulia. Nakosea wapi?*

Marahaba. Unasogeza kichwa. Kuta tupu hurudisha sauti, na mawimbi yanayopishana hufanya sehemu za kelele na sehemu za ukimya chumbani. Kwa hezi 1,000, sm 9 tu zinaweza kukutoa kwenye moja hadi nyingine. Keti, egemeza kichwa, tundika mablanketi ukutani.

Kutoka Mpwapwa: *Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Je, sauti haiendi polepole kuliko Dar?*

Hapana, joto likiwa sawa. Ukipanda juu, kanieneo na uzito wa hewa hupungua pamoja kwa uwiano uleule, na kasi hutegemea uwiano huo. Unyevu wa Dar huongeza kasi kidogo, lakini hata mita 2 kwa sekunde haifiki.

Kutoka Kongwa: *Kwa nini radi inamulika kwanza?*

Mwanga hwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo unauona papo hapo. Sauti inahitaji karibu sekunde 3 kwa kila kilomita. Hesabu sekunde, gawa kwa 3. Ukipata sekunde 9, radi iko kilomita 3, na hapo tayari ni karibu mno: ingia ndani.

Kutoka Manyoni: *Wimbi la mwanga nalo linapimika nyumbani?*

Ndiyo, kwa CD ya zamani na kalamu ya leza nyekundu. Mistari ya CD imeachana mikromita 1.6. Simamisha CD mita 1 kutoka ukutani, uso wake ukitazama ukuta, uipige leza kwa kunyooka. Nukta ya pembeni itatua ukutani karibu sm 44 kutoka nukta ya katikati. Pembe yake ni nyuzi 24, saini yake 0.41, zidisha kwa 1.6, unapata karibu mikromita 0.65. Miale inarudi upande wako, kwa hiyo simama pembeni, na asikae mtoto mbele ya CD.